Kidole Hakikosi

Matogoro, 3 Machi 2024

Mdogo wangu Leodegari,

“Bastola ni bastola. Anayekosa shabaha ana roho ya woga.” Ndivyo ulivyoniandikia kwenye simu kuhusu Lidwina, mwanangu na mpwa wako, unayetaka kumtoa kwenye mafunzo ya ulinzi Ijumaa. Simu hupokei, basi soma. Nitakusalimu nikishakujibu.

Woga gani? Binti huyu hufukuza nguruwe pori shambani kwa fimbo. Leo alipokuja nyumbani nilimwambia afumbe macho, anyooshee kidole boga lililo juu ya paa la jiko. Alipofumbua, kidole cha shahada kilikuwa katikati ya boga. Nikachonga bastola mbili za mti kwa maelezo yake. Moja mpini wake ni mnene, umelala nyuma, kama hiyo mnayowapa wanafunzi wenu. Nyingine mpini ni mwembamba na umesimama kidogo. Akafumba tena. Ya kwanza ikatazama mawingu. Ya pili ikatazama boga. Tulirudia mpaka jirani Yohanes akaja kulalamika kwamba tutamwozeshea na maboga yake.

Nikachukua kalamu, Leodegari. Unanijua, siandiki ovyo.

Haya, hujambo? Mgongo je? Sisi wazima, mahindi yanabeba.

Dada yako,
Notburga

Kambini, Namtumbo, 6 Machi 2024

Dada, shikamoo.

Mgongo umepoa. Wakufunzi wenzangu walizicheka bastola zako; Gaspari amesema uchonge na risasi za muhogo. Nami nilitaka kukuaibisha. Nikachukua bastola tunayowapa wanafunzi, nikahakikisha ni tupu, nikafumba macho na kuilenga saa ya ukutani. Nilipofumbua nilikuwa nalenga dari. Kumbe miaka yote mkono wangu umekuwa ukijikunja kuirudisha chini, nami sina habari.

Nikajaribu nyingine ya ghalani, yenye mpini mwembamba. Ilikwenda yenyewe, dada, kama maji yanavyojua mteremko.

Lakini ile ni ya maofisa. Nikimwombea mpwa wangu, mkuu atasema upendeleo. Na Ijumaa haisogei.

Mdogo wako,
Leodegari

Matogoro, 7 Machi 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Nashukuru mgongo umepoa, sasa unyooshe.

Upendeleo ni kumpima mtu kwa mkono wa mwingine. Unakumbuka mama alivyotuchapa tulipoyanyooshea maboga kidole? Yataoza, alisema, elekezeni kwa ngumi. Niliuita ushirikina. Siku hizi nikiyakumbuka mabega ya Lidwina, kiwiko chake, kidole chake, nawaza kwamba wazee waliliona jambo hili: kidole cha mtoto hufika bila kulenga. Wakalistahi, wakaliwekea mwiko. Ninyi mnalipinda kwa mpini mbaya, kisha mnaliita woga.

Kwa hiyo wewe, Gaspari, na huyo mkuu mwenye funguo: isomeni barua hii, inayokuja na basi la leo, nyote watatu, kabla Lidwina hajaitwa kesho. Kisha kila mmoja ashike bastola tupu mnayompa mwanangu, afumbe macho, ainue, afumbue. Atakayejikuta analenga dari asimfukuze mtu. Afungue ghala.

Dada yako,
Notburga