Maganda ya Zabibu na Moyo wa Hilarión

Jumatatu, 5 Novemba

Leo nimeuona moyo wa mume wangu! Kwenye skrini ya daktari, mjini Tarija. Hilarión kalala ubavu, mimi nimeshika kofia yake. Moyo mkubwa, mchovu — lakini unafunga na kufungua, unafunga na kufungua, bila kuambiwa na mtu. Miaka yote nimelala kando yake na sikuujua. Nikalia. Akanitania: "Basi, mama! Mbona siku ya harusi hukulia?"

Daktari Ximena anasema ni vijidudu alivyoachiwa utotoni na vinchuka, kunguni wa nyufa za ukuta. Vimeuchosha, sasa unashika kutu kwa ndani. Wanajaribu dawa. Imetoka wapi? Kwenye maganda ya zabibu! Haya haya tunayowatupia nguruwe! Huenda yanazuia kutu, hakuna ajuaye bado. Wengine watapewa unga mtupu, na hata daktari hajui nani kapata nini. Sharti: vidonge viwili kila siku, ameze mwenyewe, asimpe mtu.

Jumapili, 11 Novemba

Nilijua tu! Kaja komadre Casimira, msimamizi wa ubatizo wa binti yetu. Moyo wake nao ni wa vinchuka, ila kwenye jaribio walimkataa kwa uzee. Hilarión kameza kimoja, cha pili kamnyooshea kama glasi ya mvinyo: "Nakualika, komadre."

Nikamkanya. Akanijibu, eti tangu lini mtu wa bonde hili akanywa peke yake? Casimira akapokea. Ukialikwa, kukataa ni tusi. Sasa ndiyo itakuwa kila asubuhi, namjua mume wangu.

Alhamisi, 7 Machi

Hilarión kakanyaga zabibu za mvinyo! Mwaka jana alikaa kitini akihema. Leo miguu myekundu hadi magotini, anaimba vijembe vya kunichokoza. Ni maganda, ni unga, ni Mungu — sijui. Nimeokota ganda moja nikalitazama juani. Kitu chepesi hivi! Nguruwe leo hawakupewa.

Casimira hakukanyaga. Miguu imemvimba.

Jumanne, 12 Machi

Niko kwenye benchi la kliniki. Moyo haujatanuka zaidi! Unasukuma damu vizuri kidogo kuliko Novemba, nimeuona kwa macho yangu. Daktari akauliza kama amemeza vyote. Hilarión akasema ndiyo.

Tulipotoka akasimama. Rangi imemtoka. Akasema wagonjwa wote wa bonde watapimiwa dawa kwa uongo wake. Wakimfukuza, sawa, ila Casimira naye atakosa vidonge, hilo ndilo linamuuma. Karudi ndani peke yake.

Casimira, tuliyekuja naye, akaniuliza kaenda kusema nini. Nikamwambia: kwamba mlimeza wawili.

Kisha akafungua fundo la shali yake. Vidonge! Vyote! Hajameza hata kimoja.

"Ningekataaje, komadre, nami nimealikwa? Nimemwekea. Vikimwishia je? Yeye ana watoto, mimi nina kuku."

Kanimiminia vyote mapajani. Mimi nimekuwa nikimwona mlafi, Mungu anisamehe. Viatu vyake kavishika mkononi, haviingii tena.

Nyuma ya mlango namsikia Hilarión, kwa ile sauti yake ya kanisani: "Daktari, tulikuwa wawili." Inabidi nigonge, niwaambie aliyemeza ni mmoja tu. Nikiinuka, vidonge vitamwagika —