Oili ya Difu na Jina la Fundi Shamte

Jumamosi. Mvua imekatika saa nne, Ikwiriri imejaa tope, na mimi nimekaa barazani na aibu ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nianze ualimu.

Pikipiki yangu ni ya shafti, haina cheni. Gurudumu la nyuma linazungushwa na gia zilizofungiwa ndani ya chuma ambacho mafundi wanakiita difu. Tangu mafuriko yapungue, difu hiyo inavuja oili. Inalowesha ringi, inaingia hadi kwenye breki. Fundi Shamte amebadilisha sili, ule mpira wa kuzuia oili, mara mbili. Mara mbili imevuja tena.

Juzi uzalendo ukanishinda. Kwenye kijiwe cha kahawa, mbele ya watu, nikasema Shamte anawafungia wateja sili kuukuu. Watu wakacheka, nami nikakolea. Jana mteja wake mmoja kapeleka pikipiki kwa fundi wa Kibiti.

Leo nimemrudia, maana hapa hakuna mwingine anayeijua shafti. Alikuwa ameshasikia. Nilijua kwa jinsi alivyoitikia salamu. Lakini hakuniuliza kitu. Alichuchumaa, akaifuta difu tope ikiwa bado ya moto, akaipapasa juu taratibu mpaka kidole kikasimama. Akachokoa kwa ncha ya bisibisi. Hewa ikatoka, fyuuu!

Kipande cha ndala.

Nilikichonga mwenyewe. Wakati wa mafuriko nilikuwa nakatisha maji kwenda shambani Ngorongo, nikaona kitundu juu ya difu, nikakiziba maji yasiingie. Nikajiona mjanja kweli. Maji yalipokauka nikasahau.

"Mwalimu, gia zikizunguka zinapata moto, hewa ya ndani inavimba," akasema. "Hapa ndipo inapopumulia. Ukipaziba, itatoka na oili kwenye sili. Hata ungefunga sili kumi."

Na mimi ndiye ninayefundisha kidato cha pili kwamba hewa ikipata joto hutanuka. Kila mwaka, ubaoni, na mchoro juu! Kitundu ambacho punje ya mpunga haipiti kimezishinda sili mbili mpya, na Shamte amekisoma kwa kidole.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba mafundi wenzake walikuwa pale pale, na angeweza kuwaita waje waone, lakini hakuwaita. Alikiweka kile kipande kiganjani mwangu, akanifumba vidole, akaendelea na kazi.

Nikatoka pale moja kwa moja hadi kijiweni. Wote wa juzi walikuwepo. Nikanywa kikombe kimoja, nikanywa cha pili, nikaaga.

Sikusema.

Kumchafua kulinichukua dakika moja, tena bila kuombwa. Kumsafisha kumenishinda hata kwa vikombe viwili vya kahawa. Kesho asubuhi watakuwa pale pale. Nitasema nikiwa bado nimesimama, kabla sijapewa pa kukaa.