Wadhamini wa Ghuba Moja

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Ripoti ya hatari imekwisha. Ijumaa bodi ya Sacco yetu, chama cha akiba na mikopo, inaamua kama tuwaongezee mkopo wafugaji wa samaki wa vizimba, kule ziwani, upande wa Bondo. Hesabu yangu: kundi moja kushindwa kulipa — mara moja kwa ishirini. Kundi pamoja na mdhamini wake — mara moja kwa mia nne. Nimetia sahihi. Bwana Opondo, meneja wetu, kanisifu mbele ya watu. Mara ya kwanza tangu niajiriwe, bahili yule.

Jumanne, 4 Novemba
Nimeenda ziwani kukagua fomu za dhamana. Mama Dorca, mwenyekiti wa kundi moja, akanipeleka kwa boti hadi kwenye kizimba chake. Nikamuuliza mdhamini wake ni nani. Nasambu wa kundi jirani, akasema, akanionyesha kwa kidole. Kizimba cha pili! Angeweza kumrushia sabuni. Na Nasambu anadhaminiwa na nani? Oduor, kizimba cha tatu. Na Oduor? Na Dorca mwenyewe. Akacheka: kwani nitafute mdhamini Awasi, huko mbali na ziwa, mtu asiyenijua?

Nikauliza, maji yakikosa hewa, hufa samaki wa nani. Kicheko kikaisha. Wa wote, akasema, asubuhi moja tu.

Alinipikia ngege, samaki wa kizimba chake. Nikala huku nikihesabu vizimba.

Jumatano, 5 Novemba
Naeema, mjinga wewe. Nilizidisha ishirini kwa ishirini kana kwamba kila kizimba kina ziwa lake. Leo nimejaribu modeli ya utegemeano, ile inayopima watu wanavyoanguka pamoja. Siku za kawaida makundi hayafuatani kabisa — huyu anauza, yule anachelewa. Siku mbaya yanakwenda yote. Jibu: kundi pamoja na mdhamini wake — mara moja kwa ishirini na tano. Nimerudia mara tatu nikiomba niwe nimekosea. Wapi! Na pesa zenyewe ni akiba za walimu na wauza mboga, watu elfu tisa.

Alhamisi, 6 Novemba
Opondo kasoma yote. Kisha akasema bodi haina muda wa utegemeano, inasoma ukurasa wa kwanza. Huo uache ulivyo, haya mengine yaende kiambatishoni. Nikamwambia sahihi ya ukurasa wa kwanza ni yangu. Ndiyo maana nakushauri, akasema.

Nimekasirika. Na ninaogopa — aliyekosea ni mimi, si yeye.

Ijumaa, 7 Novemba
Saa mbili na nusu asubuhi. Niko nje ya chumba cha bodi, naandika ili nisizungukezunguke. Kurasa za kwanza zote mbili ziko mapajani, ule wa zamani wa mia nne na huu mpya wa ishirini na tano.

Dorca kapiga simu. Ananong'ona. Maji yamebadilika rangi tangu alfajiri, ngege wanapanda juu kuhema. Mkopo ukipita leo atanunua mashine za hewa. Tafadhali binti yangu, usiseme kitu mpaka wapitishe. Na Nasambu asijue, ataogopa kunidhamini.

Nitamwambia nini mama huyu?

Saa tatu kasorobo. Nasambu naye kapiga. Maji, samaki, mkopo — yaleyale. Ameniomba Oduor asijue.

Simu tena. Oduor. Mlango umefunguliwa, Opondo amenyoosha mkono, anataka ukurasa wa kwanza.