Majivu Ndani ya Mpira

Jumatatu, 1 Septemba 1913

Nimeziba tena mpira wa ndani wa gurudumu la mbele. Kiraka cha tisa. Viraka sasa vimepandana na gundi haishiki. Nimeuzamisha kwenye beseni, bado mapovu. Kazi ya bure.

Kazi hii naifanyia nyumbani, Ruhuwiko, uani kwa shangazi. Banda la boma la Songea linaezekwa upya, na Bwana hataki nyasi ziingie kwenye mtambo wake. Gurudumu likitoboka, nalibeba kichwani mpaka hapa. Njiani watu hucheka. Mtambo wenyewe wanauita pikipiki kwa mlio wake. Mimi sicheki.

Bwana ni Mdachi, msimamizi wa barabara. Jina lake la Kizungu silitaki humu. Watu wazima, wakiwa peke yao, wanamwita Bwana Kiberiti. Mwaka wa vita alikuwa sajini. Alipita Maposeni na askari wake, wakachoma vihenge vyetu vyote. Mahindi, ulezi, hata mbegu. Baba alikuwa ameshakufa. Alikunywa ile dawa ya maji akaamini risasi zitageuka maji, hazikugeuka. Mama na mdogo wangu wa kike walikufa baadaye, kwa njaa, taratibu. Nilikuwa na miaka kama kumi na mmoja. Shangazi, dada yake baba, alinibeba mgongoni mpaka misheni. Huko nikabatizwa Damiani, nikafundishwa kusoma na kufungua skrubu.

Miezi saba namfanyia kazi mtu huyu. Hanijui. Ananiita fundi.

Jumatano, 3 Septemba

Bwana kanituma dukani kwa Mhindi nikachague mipira mipya ya nje na mmoja wa ndani. Imetoka Lindi vichwani mwa wapagazi. Anasema mimi nina jicho la mipira.

Ni kweli ninalo. Mpira unaukunja ubavuni, unatazama kama unaonyesha nyufa ndogondogo. Unaunusa. Ukiwa mzima unanukia utomvu, kama mpira wa porini aliokuwa akiupika baba. Ukiwa umekufa haunukii kitu.

Ya nje ilikuwapo mitatu. Miwili mizima, mmoja ulikaa mlangoni juani mpaka ukakakamaa. Mhindi ni mkweli, akaniambia huo niuache, anautumia kufungia mlango. Nikamwambia nautaka huohuo na mmoja kati ya ile mizima. Akanitazama kama nimerukwa na akili. Kisha akaifunga kwa kamba, kazi yake ni kuuza.

Mzima ni wa nyuma. Uliokufa ni wa mbele.

Ijumaa, 5 Septemba

Safari imetangazwa. Jumanne Bwana anakwenda Nyasa kukagua barabara mpaka ziwani. Mimi na wapagazi wanne tunatangulia Jumatatu. Tunalala Maposeni, yeye atatupita asubuhi na mtambo wake.

Baada ya hapo kuna mteremko wa kushuka ziwani. Mawe, kona, korongo upande mmoja. Anapenda kuuteremka kasi. Anajisifu.

Nimekula vizuri leo. Shangazi kashangaa.

Jumamosi, 6 Septemba

Shangazi alikwenda shambani mapema. Nikapata nafasi.

Niliuanika mpira uliokufa ulainike kidogo. Nikautoa wa zamani kwa mipini miwili ya vijiko vya chuma, gurudumu nimelikanyaga kwa visigino. Mipira hii ina mdomo mnene. Unashika ukingo wa gurudumu kwa nguvu ya upepo peke yake. Upepo ukivuja kidogokidogo, mwendeshaji anausikia, anasimama. Ukitoka kwa mpigo, mpira unachomoka na gurudumu la mbele linamtupa mtu. Bwana mwenyewe ndiye aliyenifundisha.

Nikachukua wembe. Upande wa ndani, karibu na mdomo, nikakata nyuzi za kitambaa, urefu wa kiganja. Sikufika nje. Kwenye barabara tambarare utavumilia. Mteremko na breki na jua la mchana, hautavumilia. Nilifurahi, naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Kabla ya kuingiza mpira mpya wa ndani lazima kunyunyiza unga mweupe wa Ulaya, ili mipira miwili isigandane ikabanana. Kopo letu limekwisha tangu Juni. Nikaingia jikoni, nikachota konzi mbili za unga wa muhogo kwenye kapu la shangazi. Nikanyunyiza.

Akarudi mapema kuliko nilivyodhani. Nikamwamkia shikamoo, hakuitika. Alikuwa anatazama unga. Huyu ndiye aliyechimba mizizi porini na kuchemsha ngozi ya kulalia ili mimi niishi. Sijawahi kumsikia akipaza sauti vile.

"Unga? Kwenye gurudumu? Gurudumu la yule?"

Akachuchumaa. Akaingiza mkono ndani ya mpira akaanza kuukomba unga, chembe kwa chembe, anaurudisha kwenye ungo. Kidole kikafika kwenye mkato. Kikasimama. Kikaufuata mpaka mwisho, kikarudi.

Nilingoja. Nilidhani atalia, au atanikataza kwa jina la Mungu.

"Unga wangu naondoa," akasema. "Hilo jingine ni lako, baba. Lakini kuua kwa chakula walifanya wao. Humu ndani hapana."

Akaenda kuuchekecha. Basi nikazoa majivu jikoni, nikayapitisha kwenye kitambaa mara moja, nikanyunyiza hayo. Hakuna fundi wa Kizungu ambaye angefanya hivyo, lakini mkononi yalikuwa laini kabisa. Nikafunga. Nikajaza upepo mpaka mpira ukawa mgumu kama jiwe, jioni nikalirudisha gurudumu bomani.

Jumapili, 7 Septemba

Misa. Padri alihubiri kusamehe. Sikupokea komunyo. Shangazi naye hakupokea, na hatukuulizana.

Jumatatu, 8 Septemba

Tumefika Maposeni alasiri, miguu imejaa vumbi. Wapagazi wamelala tayari. Mimi nimezunguka.

Pamejengwa upya. Nyumba nyingine, watu wengine kwa sehemu kubwa. Mahali pa vihenge vyetu sasa pana matuta ya viazi. Nilisimama hapo nikahesabu kwa kukumbuka. Kumi na vinne. Mama alikimbilia cha mwisho na kibuyu cha maji. Askari mmoja alicheka. Yule sajini hakucheka, alikuwa na haraka.

Kesho nitasimama kando ya barabara nimwone akipita. Nataka nimtazame usoni mara moja. Ziwani hatafika.

Jumanne, 9 Septemba

Hakupita. Alikuja kwa miguu, anausukuma mtambo, shati limelowa jasho. Mpira wa mbele umelala, hauna upepo.

Nilijua papo hapo ni nini. Majivu. Niliyachekecha mara moja tu, vichembe vya mkaa vikabaki, vikausaga mpira wa ndani njia nzima mpaka ukatoboka. Upepo ukavuja polepole kwenye tambarare. Akausikia, akasimama. Kosa langu mimi. Nilitaka kujipiga.

Akaniamuru nizibe upesi. Akaketi kivulini kwa mama mmoja ambaye moto wake ulikuwa unawaka. Mgeni akikuta moto hapa hapiti hivihivi, hata awe nani. Mama akamletea viazi vya kuchemsha na karanga. Akala.

Nikaufungua mpira mbele yake. Majivu yakamwagika chini. Akauliza ni nini, nikasema majivu, unga umekwisha. Akacheka kidogo, akaendelea kula. Mkato hakuuona. Nikaziba tundu, nikafuta majivu yote. Ilibaki kufunga tu. Angeondoka, mteremko ungemaliza kazi.

Ndipo akaniuliza, kwa Kiswahili chake cha boma, kijiji hiki kinaitwaje.

Nikamwambia. Akatikisa kichwa. Pazuri, akasema, sijapata kufika.

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nikasema: "Umefika, Bwana. Mwaka wa vita. Hapo kwenye matuta palikuwa na vihenge kumi na vinne."

Hakukasirika. Alimenya kiazi. "Vijiji vilikuwa vingi," akasema.

Basi.

Nilibaki na mpira mapajani. Nikaona jinsi itakavyokuwa. Pumzi moja tu, kishindo, korongo. Atakufa akilaani mpira mbovu, na mimi nitakuwa fundi mzembe. Hatajua Maposeni wala pengine popote. Mimi nilitaka afe. Lakini kumbe kuna kitu nilikitaka zaidi, na sikuwa nimekijua mpaka aliposema vile.

Nikamwita. Nikaukunja mpira, nikamwonyesha mkato. Nikasema mpira huu hauendi, Bwana, mteremko utakuua.

Akapitisha kidole gumba, kama shangazi alivyofanya. Akakitazama kidole, kimejaa majivu. Akaniuliza kama huu ni mkato wa wembe. Nikamwambia mpira ulikaa sana juani. Akanitazama muda mrefu. Nilikiona kitanzi. Bila shaka alijua. Na alijua pia kwamba mimi niliyeukata mpira ndiye niliyemsimamisha, na hilo lilimshinda kulielewa.

Akasema kesho tunarudi Songea kwa miguu, sisi wawili. Wapagazi watausukuma mtambo barabarani.

Jumatano, 10 Septemba

Nilimwambia njia ya zamani ni fupi. Ni kweli. Barabara yake inazunguka, njia ya zamani inakata katikati. Nilitembea humo na baba akienda kuuza mpira wa porini, majina ya vijiji ninayo.

Mimi mbele, yeye nyuma na bunduki.

Mahali pa kwanza pana mawe ya kusagia tu, yamelala majanini. Nikasimama nikataja jina, nikataja nyumba ngapi. Akasema twende. Pa pili nikasimama tena. Akasema amesikia. Pa tatu aliniambia ninyamaze, na bunduki akaishusha begani. Mgongo wangu wote ulikuwa unaisubiri risasi. Nikataja vilevile. Nilitaja mpaka mwisho, hata nyumba. Hakupiga.

Pa nne alinifuata tu. Pa tano pia. Alikuwa amechubuka visigino, anachechemea, nami sikupunguza mwendo. Namchukia. Kuchechemea kwake kulinipendeza.

Karibu na mto tukapita vigae vya vyungu na tuta moja la udongo, nguzo iliyoungua imechomoza. Hapo nilinyamaza, nikapita. Nilisikia hatua zake zimekoma.

"Na hiki?" akauliza.

Nikageuka. Alikuwa amesimama katikati ya vigae, kofia mkononi. Sikumwonea huruma. Nikamwambia ukweli: "Hiki sikijui, Bwana. Sijapata kuona mtu aliyetoka hapa."

Alisimama mpaka mimi ndiye niliyeona tumechelewa. Tukaingia Songea jua likizama.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimeachishwa kazi. Askari alikuja kuchukua mipira ya zamani, spana, pampu, hata beseni ambalo ni letu. Bwana hakuja. Amesema nisionekane bomani.

Nilitegemea pingu. Bado nasikiliza hatua njiani. Sijui kama nimelipiza au nimeshindwa. Yu hai, anakula, ana viatu vingine. Lakini aliuliza. Sikumlazimisha, aliuliza mwenyewe.

Ijumaa, 12 Septemba

Asubuhi ya baridi kidogo. Shangazi alikuwa uani anabambua karanga za mbegu. Nikakaa karibu yake, sina kazi.

Hakuuliza kuhusu mpira. Aliniambia nimtajie vijiji kama nilivyomtajia yule, kwa mpango uleule. Nikataja. Kila jina aliitikia kwa kichwa, vidole havisimami. Pa nne akasahihisha nyumba, zilikuwa zaidi.

Nikafika pale penye vigae karibu na mto. Nikamwambia hapo Bwana aliniuliza, sikujua.

"Litunguli," akasema.

Nikamuuliza amepajuaje.

"Niliolewa huko kwanza. Nilikuwa na wawili."

Miaka minane nimekaa naye nyumba moja, sikujua. Sikumuuliza majina yao, siku nyingine nitamuuliza. Nimeingia ndani nikaandika hapa: Litunguli. Kisha nimetoka tukamalizia karanga.