Neno Moja Lililobaki kwa Babuji

Jumatatu, 2 Machi 1998
Nimemgeuza Babuji, baba yangu, nimefua shuka, nimemlisha wali wa dengu kijiko kwa kijiko. Kiuno hakinisikii tena. Tangu kiharusi cha wakati wa Diwali amebakiwa na neno moja: ji. Maji? Ji. Unaumwa? Ji. Mwalimu wa Kisanskriti aliyeogopwa Etawah nzima – kabaki na silabi.

Jumatano, 4 Machi
Mdogo wangu Dinanath kafika kutoka Kanpur. Nyumba hii imepata mnunuzi. Tutahamia kwake: Babuji chumbani, mimi barazani. Akamwinamia mzee. "Babuji, tuiuze?"
"Ji?"
"Umesikia, dada? Mzee kakubali."
Nikamwambia sauti ilipanda mwishoni. Hiyo si "ndiyo". Hiyo ni "unasemaje?"
"Dada nawe! Mgonjwa unamsahihisha kama daftari."

Alhamisi, 5 Machi
Nakumbuka Babuji akitufundisha neno hili. Kipande cha sabuni, alisema – limepita mikono mingi hata chapa imefutika. Wengine wanalitoa kwenye jiva, yaani ishi. Wengine kwenye arya, mheshimiwa, lililotafunwa vinywani mwa watu likabaki mkia. Yeye hakuchagua. Nyuma ya jina ni heshima. Peke yake ni ndiyo. Likipanda ni swali. Na ipo ji nyingine, yenye maana ya moyo.
Wangu umechoka. Kanpur angalau yupo mke wa Dinanath, wa kushika upande wa pili wa shuka. Nimeliandika. Basi.

Jumamosi, 7 Machi
Mwanasheria kaja na hati na kidau cha wino. Dinanath kalipaka wino dole gumba la mzee. Lilipokaribia karatasi, mkono ukajikunja.
"Ji?"
Hakumtazama Dinanath. Alinitazama mimi. Maisha yangu yote ameniita Sarla, au wewe. Baba hamwambii binti yake ji.
"Dada, anasemaje?"
"Ananiuliza."
"Basi si umjibu."
Mwanasheria akakohoa. Nikasema maziwa yatafurika, nikaja jikoni.
Jiko sijaliwasha leo. Naandika nimesimama. Dinanath ananiita mara ya pili, na nyuma ya sauti yake namsikia Babuji – ji, ji – safari hii bila kupanda.