Skola, Ulisoma Ukurasa Gani?

Skola wangu,

Shikamoo leo hupati. Ulinizidi miezi minne tu, na bado kila asubuhi ulinidai heshima kama vile ulinibeba mgongoni.

Haya. Nimekaa na kalamu, moyo umekataa. Shikamoo, dada. Itikia huko huko uliko.

Nakuandikia kwenye daftari la hesabu la Editha. Amenipa mwenyewe, kwa sharti nisichane karatasi ya katikati. Amekuwa wa pili darasani, mwanangu huyu, na darasa lenyewe limejaa watoto mpaka dirishani. Wa kwanza ni mtoto wa mwalimu, kwa hiyo mimi nahesabu kwamba wa kwanza ni wangu. Ungekuwepo ningekuja kukuambia mbio mbio, ungesema, "Umeanza." Sasa nimemwambia nani? Nimewaambia mtaa wetu, Chanji nzima, na haikunoga.

Cherehani yako anayo mdogo wako. Inalia pale pale kibarazani. Nikipita nageuza kichwa kukusalimu, kisha ndiyo nakumbuka.

Na kitabu ninacho mimi. Siku ya kugawa vitu vyako ndugu walichukua vitenge, masufuria, hata ule mwavuli uliovunjika. Kitabu kikabaki peke yake kwenye mkeka, kile cha mwanamke mkimbiaji ulichokiokota mnadani kwenye rundo la mitumba. Shangazi yako akasema karatasi zake zinafaa kufungia karanga. Nikasema, hicho changu. Nilisema kwa sauti ambayo hata mimi niliiogopa.

Unakumbuka tulivyokuwa tunakisoma? Wewe uliyefika kidato cha nne unasoma, mimi niliyeishia darasa la saba napepeta ulezi. Si kwamba sijui kusoma. Najua, tena vizuri, ila nasoma kwa kidole, na kidole changu hakina haraka. Haraka yangu iko miguuni. Nilipokuwa shule kule Kasense, wasichana wenzangu mbioni walijua mgongo wangu tu, uso hawakuwahi kuuona. Kisha nikaolewa, nikazaa watatu, nikanenepa, nikasahau kama nina miguu. Ukanisomea habari za yule mama wa watoto wanne, anayeamka kwenye baridi, anakunywa uji wa ulezi, anapanda milima mbio, na mama mkwe wake anamnunia. Nikasema, huyu ni Mfipa kabisa, wamembadilisha jina tu! Ukasema, "Inawezekana."

Mwezi haukuisha tukawa barabarani, watu wazima sisi, khanga juu ya suruali, ukungu mpaka kwenye nyusi. Yule mlinzi wa ghala alipotuona mara ya kwanza alidhani ni wachawi, alitupa tochi akakimbia kutuzidi. Na mji wenyewe jina lake linasema tupa uchawi! Tulikaa chini barabarani tukacheka mpaka ukaniziba mdomo: "Nyamaza wewe, watathibitisha."

Halafu ikaja ile siku ya bombani. Jirani yangu alinisema mbele ya ndoo zote: "Mama Editha, baba watoto yuko safarini na lori, wewe nawe kila alfajiri mbio. Unawakimbia watoto?" Wakacheka. Mimi, na mdomo wangu huu, nikabeba ndoo yangu nikaondoka. Nilikuja kwako nalia, nikakuambia naacha. Hukunipa pole. Ulichukua kitabu, ukafungua, ukasoma taratibu kwamba mama anayekimbia hawakimbii wanawe, anatangulia tu kuwaangalizia njia, kisha anarudi.

Nikaweka ungo chini. Nikasema, "Umesikia? Huyo ndiye mwanamke! Sisi tunajikokota tu."

Ukasema, "Kweli kabisa." Ukakata uzi kwa meno, ukaendelea na pindo lako.

Maneno yale niliyavaa kama nguo ya sikukuu. Niliyasema bombani, nikayasema sokoni, nikayasema jumuiya baada ya sala mpaka mwenyekiti akakohoa. Na kila mahali nilimalizia hivi: imeandikwa kitabuni.

Kisha Juni, baridi ile, kifua, siku nne. Asubuhi ya tatu baada ya kukuzika miguu ilinileta yenyewe dirishani kwako, mkono ukainuka kugonga.

Hapo siandiki zaidi.

Nilianza tena kukimbia peke yangu kwa ubishi tu. Mwezi wa nane mama mkwe akaja kutoka Mpui kututazama. Siku ya pili yake akaamka, mimi sipo, Beni, mwanangu wa mwisho, analia, Editha anambembeleza huku uji unamwagikia mafigani. Niliporudi nilimkuta amesimama mlangoni.

"Ndiyo umewakimbia wajukuu wangu?"

Unanijua, Skola. Badala ya kuomba radhi nikainua kidevu. Nikamwambia mama anayekimbia hawakimbii wanawe, na kwamba imeandikwa kitabuni.

"Nionyeshe."

"Nitakuonyesha, mama."

"Haya. Naenda kupukuchua mahindi yangu. Nikirudi usiponionyesha, Beni naondoka naye, akakae na mtu asiye na mbio."

Beni wangu! Miaka miwili na nusu, na mdomo ule tayari unashinda wa baba yake. Na yule mama hatanii. Akisema anabeba, anabeba.

Basi nikakaa na kitabu. Nikaacha kukimbia, alfajiri zote nikazihamishia kwenye karatasi, kidole chini ya mstari, mstari baada ya mstari. Kwanza nikaona uji wa ulezi haumo. Yule mwanamke anakunywa maziwa na mkate. Nikasema labda mbele. Mama mkwe anayenuna hayumo. Ana mama mkwe mwema anayemfulia soksi. Nikaongeza mwendo wa kidole. Nikafika mwisho. Maneno hayamo. Nikadhani kuna ukurasa uliochanika, nikahesabu namba zote, zimetimia. Nikampa Editha, naye akamaliza kwa siku mbili, akasema, "Mama, hayamo." Nikamfokea asome tena. Mtoto wa watu akasoma tena. "Hayamo, mama. Ila aliyekwambia alisema vizuri."

Aliyekwambia!

Skola, nilikaa pale jikoni moto ukazima. Ndipo nikakumbuka. Wewe ukisoma kweli ulikuwa unalamba kidole kila ukigeuza karatasi, nami nilikuwa nakucheka kwamba unakula kitabu. Siku ile hukulamba kidole. Ulifungua popote, ukakaa kwenye ukurasa mmoja, na macho yako hayakuwa kwenye karatasi. Yalikuwa kwangu.

Na mimi nikamsifu yule mwingine. Mbele yako! Nikakwambia sisi tunajikokota. Ukakubali, ukakata uzi. Kwa nini hukusema? Ulijua nisingekusikiliza, eti? Ungeniambia wewe, Skola wa cherehani, ningekujibu, "Wewe nawe." Nilitaka maneno yatoke mbali ndipo niyaheshimu. Ulinijua hivyo, ukanipa hivyo hivyo, nami sikukupa hata asante moja. Asante zangu zote zilikwenda kwa mtu asiyejua kama Chanji ipo.

Mama mkwe akarudi mwezi wa kumi, na khanga ya kumbebea Beni ameikunja kwenye kikapu. Sasa nikwambie ukweli wangu wote. Yule mama hajui kusoma. Ningeweza kuweka kidole popote nikasema, haya, mama, ni hapa. Nilikifungua kabisa. Kidole kilishashuka. Lakini nikaona, nikifanya hivyo maneno yako yanabaki ya kitabu siku zote, na mwizi ni mimi. Mara ya kwanza sikujua. Hii ningekuwa najua.

Nikapiga magoti. Nikasema, "Mama, shikamoo. Hayamo. Nimetafuta kote. Kumbe yalikuwa ya Skola, alinitungia kwa sababu nilikuwa nalia."

Akaweka kikapu chini. Beni amemshika khanga.

"Skola huyu tuliyemzika? Aliyemshonea huyu gauni la ubatizo?"

"Huyo huyo, mama."

"Mbona ulinisumbua na kitabu?" akasema. "Kitabu ningekibishia mpaka kesho. Hakinijui, sikijui. Skola alikaa na mimi kwenye jamvi siku tatu, mama yangu, bibi yenu, alipofariki, hakuniuliza swali hata moja, ananiletea maji tu. Huyo simbishii."

Kisha akanigeukia na jicho lake: "Ila uji wa watoto uwe umeiva kabla hujatoka. Hilo nalo halikuandikwa?"

Beni hakwenda Mpui. Na asubuhi ya pili nilimkuta bibi yake ameshaamka, mtoto mgongoni, ananisukuma na ufagio: "Toka, toka, kabla jua halijakuumbua na hilo umbo." Nikatoka.

Nilikimbia vizuri, sikufichi. Asiyeniona na ajute. Barabara ya Kasense yote, mlima ule uliokuwa unakutoa maneno ya kutubu, niliupanda bila kutembea. Wanafunzi wakanipisha. Nikawa na furaha kabisa, nikageuka kushoto kwangu kukutambia.

Kushoto kwangu palikuwa na barabara tu.

Nina jambo la kuungama, na ndilo lililonikalisha kuandika. Tangu Juni naizunguka njia ya makaburini. Napita huku chini kwenye matope, naongeza mwendo mrefu, namwambia kila anayeuliza kwamba nafanya mazoezi. Si mazoezi. Watoto sijawakimbia hata siku moja, Skola. Niliyemkimbia ni wewe.

Basi nakuahidi mawili, na unajua mimi nikiahidi hadharani siwezi kurudi nyuma kwa aibu. La kwanza, bombani, sokoni, jumuiya, kote nilikosema imeandikwa, narudi kwa mmoja mmoja kusema aliyesema ni Skola, fundi wa Chanji. Wanicheke. Nimeshaanza na yule jirani. Hakucheka, ameniomba nimpitie Jumamosi, ameshapata na viatu.

La pili, kesho alfajiri nakuja kwa njia yako. Sitasimama, nikisimama nitabaki hapo mpaka watoto wakose uji. Nitapita tu, nahema kama ng'ombe wa jembe, na wewe ulale. Ukisikia miguu karibu na kichwa chako usishtuke. Ni mimi, na nitapita tena nikirudi.

Mdogo wako kwa miezi minne,
Mama Editha