Waliokula Kuku Badala Yangu

Kakamega, Jumanne, Mei 1997

Mvua ya leo imetukuta nje ya korti, mimi na mama, na tumetembea nayo mpaka hapa Shieywe bila kusemezana. Nimelowa mpaka sidiria. Mama yuko kwenye jiko la makaa anachemsha maji ya kusonga obusuma, ugali wetu, mimi niko kitandani na kalamu, na chumba chenyewe ni hiki kimoja. Yaani nimemnunia mtu ambaye nikinyoosha mguu nitamgusa.

Nimechoka na watu. Tena si maadui, hao nimewazoea. Wanaonichosha ni wanaonipenda.

Acha niandike yote, labda kichwa kitatulia.

Mume wangu, Baba Timo, alianza kunipiga kabla hata Timo hajaota meno. Anaendesha trekta la kubeba miwa, na siku ambayo kiwanda kimemchelewesha kwenye foleni, aliyemchelewesha ni mimi. Mwezi wa pili alinipasua juu ya jicho. Mimi fundi wa cherehani, ninayeshonea mtaa mzima, nikashonwa na daktari. Nilibeba watoto, nikawapeleka kwa mama, nikaja kupanga chumba hapa karibu na kibanda changu cha kushonea.

Nikaanza kuzungushwa.

Askari wa kwanza kituoni hakuinua hata macho. "Mama, hiyo ni mambo ya nyumbani. Rudi mkaongee." Tuongee na nini, jicho limefunga? Chifu naye akanituma kwa wazee wa ukoo. Wazee wakavuta viti, wakakohoa, kisha swali la kwanza likaja kwangu: ulimjibu nini mpaka akakasirika? Woi! Nilipigwa na mtu mmoja, lakini nikaulizwa na kijiji kizima nilikosea wapi.

Aliyenifungua macho ni wakili mmoja mwanamke aliyekuja kuzungumza na akina mama kanisani. Mfupi, sauti kama filimbi. Alituambia bila kutuficha kwamba Kenya hii hatuna sheria ya mke kupigwa na mumewe. Tukaguna. Akasema, lakini kuna sheria ya mtu kumpiga mtu, na haijasema popote kwamba ukiolewa unaacha kuwa mtu. Unaenda hospitali, unajaziwa P3, ile fomu ya polisi ya kuonyesha majeraha, unapeleka kituoni na kudai mshukiwa ashtakiwe. Hakimu anaweza kumwachilia kwa dhamana na kumpa masharti asikukaribie. Unaweza pia kuomba alazimishwe kuweka ahadi ya kudumisha amani, na akiivunja anajibu. Waliofunga ndoa ya kanisani au kwa DC, mkuu wa wilaya, wana mlango mwingine, wa kuomba kutengana na matunzo ya watoto. Sisi tulioolewa kwa ng'ombe tu, akasema, njia yetu ina mawe zaidi.

Basi, nikasema, na mimi ni mtu. Nikarudi kituoni na P3 yangu, na safari hii nikakataa kuondoka kwenye benchi. Nadhani walimkamata ili mimi nitoke pale. Akashtakiwa, akaachiliwa kwa dhamana, akaonywa asije kwangu wala kazini kwangu mpaka kesi iishe.

Na hakuja! Lazima niseme ukweli, sharti alilishika vizuri sana.

Alienda kwa mama yangu.

Nani angefikiria? Hakimu hakusema asiende kwa mama mkwe. Jumapili, mimi nikiwa huku namalizia sare za kwaya, bwana alifika kijijini amevaa shati jeupe, amebeba sukari na majani chai, akasalimu kwa kuinama. Baba mdogo akaitwa. Huyo ni mdogo wa marehemu baba, na tangu baba afe, ndiye anayesema kwa niaba yetu hata tusipomtuma. Na mama yangu, Mungu amsamehe, mimi bado sijafika hapo, akamkamata jogoo wake mwekundu akamchinja.

Ingokho, kuku mzima! Kwa mtu aliyenipasua uso!

Na imondo, ile firigisi ambayo kwetu hapewi mtu ovyo, ikawekwa kwenye sahani yake. Wakala, wakanawa, wakashikana mikono. Watoto wangu wakapewa mabawa. Mimi sikuambiwa kitu. Nilikuja kusikia leo asubuhi kwenye veranda ya korti, kutoka kinywani mwa mama mwenyewe, tena kwa sauti ya mtu anayetoa habari njema.

Nilimuuliza mama, ulikuwa unafikiria nini? Akaniangalia kama mtoto mjinga. "Mkwe amekuja na heshima. Nimfukuze na njaa? Watu watasema nyumba yangu haina mtu." Na kweli hakuelewa tatizo. Kwa mama, kuku ni adabu. Mkwe hatoki kwako na kinywa kikavu, hata kama amekuja kukuchomea nyumba, afadhali achome akiwa ameshiba. Lakini Baba Timo alijua anachokula. Mume anayemfuata mke kwao, akikaribishwa, akachinjiwa, akala na wazee wa pale, maneno yamekwisha na mke anarudi. Hakuna kijiji huku kisichojua hivyo.

Basi tukaingia ndani.

Kesi yetu ilipoitwa, Baba Timo alisimama kizimbani na lile shati lake jeupe akasema, kwa upole ambao sijawahi kuuonja nyumbani kwake, "Mheshimiwa, mimi na bibi yangu tumeshasikizana. Wazee wametupatanisha." Hakimu akauliza kama kuna mtu wa upande wa mke. Baba mdogo akainuka haraka kana kwamba ameitiwa zawadi, kofia kifuani.

"Ni kweli, mheshimiwa. Huyu kijana alikuja, tukakaa, tukakula. Wagombanao ndio wapatanao. Kwetu watu wakikula ingokho pamoja, maneno inaishanga hapo."

Korti ikacheka. Hata karani alicheka. Kiongozi wa mashtaka akaanza kufunga faili lake, naona aliona amepunguziwa kazi.

Wagombanao! Mimi sikugombana na mtu. Nilikuwa nakoroga uji.

Niliogopa, siandiki uongo. Yule wakili alituambia kwamba korti inaruhusiwa kuwapatanisha watu kama kosa si kubwa sana, na hapo ndipo kesi za wake wengi hufia. Nikamwona hakimu anatafuta ukurasa wa kuandika. Nikajua akiandika yale maneno ya baba mdogo, lile sharti la kutonikaribia linakufa pamoja na kesi, na jioni Baba Timo atakuwa mlangoni kwangu akisema fungasha twende. Na nikirudi, safari ijayo sijui kama atalenga juu ya jicho tu.

Lakini wakili alisema jambo lingine pia. Anayepatanishwa ni mlalamishi, si ukoo wake.

Nikasimama bila kuitwa. Askari wa korti akaniambia, "Mama, kaa chini." Sikukaa. Hakimu akauliza huyu ni nani. Nikasema ndimi niliyepigwa. Akavua miwani. "Umekubali mapatano haya?"

Nikasema, "Mheshimiwa, mimi sikula."

Watu wakacheka tena, kisha wakanyamaza kwa sababu hakimu hakucheka.

Nikasema, "Nilikuwa kazini nikishona. Waliokula ni hao hapo. Nani kati yao alipigwa? Aliyepigwa ni mimi, na mimi sijasamehe, sijapatana, na sirudi. Nataka kesi isikizwe."

Maneno yalitoka yote. Hakimu alimtazama baba mdogo, akamtazama Baba Timo, halafu akaandika. Akaandika kwa muda mrefu. Akasema mapatano hayapo kwa kuwa mlalamishi amekataa, kesi itasikizwa mwezi ujao, na kuanzia leo mshtakiwa asinikaribie mimi, wala nyumbani kwa mama yangu, wala asitume mtu. Akivunja, dhamana inafutwa na anangojea kesi rumande.

Baba Timo aliniangalia. Lile jicho nalijua. Lakini alitoka kwa mlango wa upande ule, mimi nikatoka kwa upande huu.

Wala sijashinda. Kesi yenyewe bado, shahidi wangu ni jirani anayeogopa kivuli chake, na mwezi ujao wanaweza kusema faili limepotea, nimeshasikia ya wengine. Baba mdogo amekataa mkono wangu pale nje. Amesema nimemwaibisha mbele ya serikali, na kwamba kuku akishaliwa hatapikwi. Nikamwambia basi aolewe yeye. Hilo ningemeza, nakiri, lakini limeshatoka.

Mama alitangulia njia nzima bila kunitazama. Nikajua amekasirika kwa sababu ya baba mdogo, nami nikazidi kununa, nikipanga maneno. Nilitaka kumwambia aliuza damu yangu kwa adabu. Nilikuwa nayo tayari mdomoni, nangoja tu aanze.

Sasa hivi ameanza. Amenipa mgongo, anamimina unga kwenye maji, hata hajageuka.

Amesema, "Kumbe mtu anaulizwa."

Nikasema, nini?

"Yule hakimu. Amekuuliza kama umekubali, ukasema hapana, na akaandika." Akakoroga kidogo. "Mimi walinirudisha kwa baba yako mara nyingi. Walikula, wakanawa, wakaniambia nibebe mtoto twende. Hakuna aliyeniuliza."

Mtoto huyo ni mimi. Nilijua baba alikuwa anampiga, nani hakujua, nilikuwa namchotea maji ya kunawa uso. Lakini miaka yote hii sikujua kwamba alikuwa hataki kurudi. Nilidhani alirudi kwa sababu alimsamehe. Ndivyo tulivyoambiwa, na kwenye mazishi ya baba watu walisimama mmoja mmoja wakamsifu mama kwa uvumilivu, na mimi nikapiga makofi.

Hasira niliyoibeba kutoka kortini sijui niipeleke wapi tena. Bado ninayo. Si ya mama.

Anasonga, mabega yake yanapanda na kushuka, na hajageuka bado. Naweka kalamu chini. Naenda kusimama karibu naye nimuulize, wakati ule, yeye alitaka nini.